Mlinzi wa Waya

Nuruddin aliponunua gari la umeme, Mwabuluda nzima ilikuja kulitazama, na wengi waliondoka wamenyong'onyea. Walitegemea lingurume. Gari lilitoka getini kimya, likageuka kimya, likapita mbele ya mashine ya kukoboa mpunga kimya, na kuku waliokuwa wakichakura barabarani nusura wapoteze maisha bila kujua nani kawagonga. Siku hiyohiyo likabatizwa Kimyakimya. Mwenyewe hakulipenda jina hilo hata chembe, lakini nani aliyemuuliza?

Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa makamo, mwenye kitambi cha wastani na wasiwasi usio wa wastani. Nyumba yake, ghala lake na ua wake vilikuwa kando ya barabara inayotoka Kahama kwenda Isaka, na kila msimu malori yanayoelekea bandari kavu yalisimama hapo kupakia magunia. Gari lile alilinunua kwa ushauri wa mpwa wake wa Dar es Salaam, kijana wa maneno mengi, baada ya kuchoshwa na bei ya mafuta. Lilikuwa limeshatumika Japani, ila lilikuwa zima, na lilikuja na waya mmoja tu wa kuchajia: mnene, wa rangi ya chungwa, wenye kisanduku katikati na plagi nzito kama kichwa cha nyundo.

"Mjomba, utunze huo waya," mpwa wake alimwambia kwenye simu. "Kuagiza mwingine ni shughuli. Ukipotea, hilo gari ni kabati."

Neno hilo kabati lilimwingia Nuruddin kichwani likakaa. Na hakuwa anaogopa kivuli chake. Ndani ya waya ule kulikuwa na shaba, na shaba katika nchi ile ina wapenzi wengi. Wapo wanaochoma waya porini mpaka plastiki iishe, wakauza kinachobaki kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wapo wachimbaji wa dhahabu wanaotafuta waya mnene wa kuteremshia umeme kwenye maduara, yale mashimo yao marefu, na hao hawaulizi umetoka wapi. Pampu ya kisima cha shule ilikatwa waya wake mchana kweupe, watoto wakiwa darasani wanaimba jedwali la kuzidisha. Sasa yeye Nuruddin, kwa akili zake timamu, alikuwa anautandaza wake nje mpaka kunakucha, kutoka soketi ya barazani hadi puani kwa gari, kwa sababu ghala limejaa mpunga na gari halina pengine pa kulala.

Alijaribu kila alichoweza. Kwanza alinunua mnyororo na kufuli kubwa, akagundua kwamba kufuli inazuia plagi tu, na mwizi mwenye msumeno anakata katikati na kuondoka na sehemu iliyo nono. Akauzungushia matawi ya miba, na asubuhi aliyechomwa akawa yeye. Akaleta mbwa. Mbwa akaupenda waya kupita kiasi, akaanza kuutafuna.

Raudha, mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba Samia, sema tu kama umeoa. Mimi sijawahi kulindwa hivyo."

"Wewe cheka. Siku utakayopelekwa Kahama hospitali kwa baiskeli utanikumbuka."

Mwisho wa yote akamwajiri Mageni. Huyu alikuwa Msukuma wa palepale kijijini, mwembamba, mpole, mkulima wa pamba ambaye pamba ilikuwa imemwangusha misimu kadhaa mfululizo. Kwa maneno aliajiriwa kulinda ghala. Kazi yake hasa, na kila mtu aliijua, ilikuwa kulinda waya. Alikiweka kigoda chake juu ya waya kabisa, akakaa. Alfajiri, gari likishashiba, aliuchomoa, akaukunja vizuri kama kamba ya ng'ombe, akautundika kwenye msumari wa barazani, na bosi akiamka anaukuta hapo. Na kila jioni, bila kukosa, Nuruddin aliuliza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Waya uko salama? Jamani, waya usije ukaibwa!"

Aliyeyasikia maneno hayo kuliko wote ni mama yake, Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa mzee sana, mwepesi, msafi, mwenye kanga zinazonukia udi na maneno ya kuchekesha. Siku hizi alikuwa anasahau kidogo. Alimwita Raudha kwa jina la marehemu dada yake. Alitia chumvi kwenye chai. Siku moja alimuuliza Nuruddin baba yake amekwenda wapi muda wote huu, na baba amelala makaburini tangu Nuruddin hajaota ndevu. Nyumba nzima iliyaita mambo hayo uzee na kuyacheka kwa upole. Nuruddin aliyacheka kuliko wengine, kwa kuwa hakutaka kabisa kuyafikiria.

Mama na mlinzi walipendana. Kila alfajiri baada ya swala Bi Tabu alitoka barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, akampa Mageni kwa mkono wake. "Mwangaluka, mayu," Mageni alimwamkia, kama Msukuma anavyomwamkia mama yake asubuhi, na Bi Tabu, aliyekijua Kisukuma tangu utotoni, alimjibu na kumuuliza habari za mke wake Zipora, za watoto, na za kila mbuzi.

Basi asubuhi moja Nuruddin akatoka barazani, akakuta msumari mtupu.

Mageni alikuwa anafagia ua, Nuruddin akamuuliza, "Waya uko wapi?"

"Nimempa mama, bosi. Alitoka akaniomba. Akasema, nipe nikauweke pazuri, mwanangu hana raha kwa ajili ya huu waya. Nikampa."

Bi Tabu alikuwa jikoni na ungo, anachambua mchele.

"Mama, Mageni amekupa waya wa gari?"

Mama aliinua uso. Macho yake yalikuwa angavu, hayana shaka hata kidogo. "Waya? Mimi na waya wapi na wapi, Nuru? Sijapewa kitu."

Walitafuta uvunguni mwa vitanda, masandukuni, juu ya dari, hadi ndani ya pipa la maji. Hakuna. Na hapo damu ikampanda Nuruddin. Waya kuibwa ni jambo alilokuwa amejiandaa nalo, maana ndilo alilokuwa analiota. Lakini mlinzi kumsukumia mama wa watu! Akamrudia Mageni uani.

"Unamsingizia mama yangu, Mageni? Huyu anayekupa chai kwa mkono wake?"

"Yaya, bosi, hapana. Simsingizii. Labda amesahau."

"Mama yangu hasahau!" akafoka mtu ambaye jana yake tu alikuwa amekunywa chai ya chumvi na kuimaliza.

Hapo ndipo alipokwenda kwa sungusungu, na ndipo alipofanya kosa ambalo mtoto wa Mwabuluda hukanywa na mzazi wake mapema. Sungusungu ndio walinzi wa kijiji, wazee kwa vijana, na mali ikipotea watu huwaendea wao kabla ya kufikiria polisi. Mbele ya mkutano wao unaruhusiwa kulia, unaruhusiwa kueleza ulichopoteza tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna atakayekukatiza. Jina la mtu ndilo usilicheze. Jina likishatamkwa pale limekuwa shtaka, na aliyelitamka hana uwezo wa kulifuta. Linamalizwa kwa njia mbili tu: kitu kilichopotea kionekane mbele ya macho ya watu, ama aliyetajwa akiri mwenyewe na kutoa ng'ombe aliwe na kijiji. Bila hivyo, anatengwa.

Walikutana mchana kwenye uwanja wa mizani ya pamba. Mtemi wao, Mzee Luhende, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alimsikiliza Nuruddin mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa utaratibu, "Unaweza kusema hujui aliyechukua. Tutatafuta. Fikiri kwanza."

Nuruddin hakufikiri. "Waya nilimwachia Mageni. Kama si yeye, ni nani?"

Uwanja ukaguna. Mageni akaitwa mbele, akaulizwa. Alimtazama bosi wake, akasema neno moja tu: "Sikuiba." Habari ya mama hakuigusa. Nuruddin, kwa hasira zake, alidhani mlinzi ameona aibu kuurudia uongo wake hadharani.

Mageni akatengwa.

Kutengwa hakuna kelele. Hakuna anayekupiga, hakuna anayekutukana. Zipora alipofika na debe lake la mahindi, mashine ya kusaga ilikuwa mbovu, alipoondoka ilipona. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao pembeni wakamwachia bomba peke yake, naye akachota huku wote wanatazama chini. Anayewasalimia analipa faini, kwa hiyo hakuna aliyewasalimia. Nuruddin alikuwa anamwona kutoka getini: Mageni anapita na jembe begani, anasema "Mwangaluka" kwa kila anayekutana naye, vilevile kama zamani, na watu wanapita kana kwamba ni upepo umevuma. Hakuacha kusalimia. Hilo ndilo lililomkera Nuruddin, na baada ya kumkera likaanza kumnyima usingizi.

Kimyakimya naye akawa kabati kweli. Raudha alianikia michembe ya viazi juu ya boneti, na kuku mmoja, labda kwa kulipiza kisasi, akawa anatagia kwenye kiti cha nyuma.

Siku mpwa alipopiga simu kwamba waya mwingine umepatikana, Nuruddin alikuwa amekaa barazani na mama yake. Akashusha pumzi, akajisemea kwa sauti, "Na huo nao nitauweka wapi, Mungu wangu?"

"Si uuweke kwenye mpunga, kama ule wa kwanza," akasema Bi Tabu.

Nuruddin aligeuka polepole.

"Kule ghalani," mama akaendelea, anatabasamu, kama mtoto anayengoja kusifiwa. "Ulikuwa unasema utaibwa, utaibwa. Nikamwomba yule kijana akanipa. Zamani wezi wa ng'ombe walipokuwa wanatusumbua, mama yangu alikuwa anaficha bangili zetu na kanga mpya katikati ya mpunga. Mwizi anapekua sanduku, nani atapekua nafaka? Nikaufunua mdomo wa gunia lile la karibu na mlango, nikausukuma ndani, nikalishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Hata vidole viliniuma."

Nuruddin alikimbilia ghalani ingawa alijua atakachokikuta. Pale karibu na mlango palikuwa na sakafu tupu. Shehena ile iliondoka na lori la dereva Swaleh juma lilelile waya ulipopotea. Alikumbuka hata mnunuzi alivyopita na bambo, ule mtarimbo wa kutolea sampuli, akayachoma magunia mojamoja pembeni, na mpunga ukatoka safi, na wote wakaridhika.

Swaleh alipokea simu akiwa anaendesha. "Mpunga ule? Tulishusha Isaka, ukapakiwa lori jingine, ukavuka kwenda Rwanda. Huko umeshakobolewa, umeshapikwa, watu wameshashiba. Waya? Bwana Nuruddin, kama kuna aliyeukuta, basi shaba ile ameshaiuza. Nianzie wapi?"

Nuruddin alikata simu, akakaa juu ya mizani ya ghalani. Mageni alimwambia ukweli asubuhi ileile, kabla ya chai, kwa maneno machache, na yeye aliukataa kwa sababu alikuwa hataki kuujua ugonjwa wa mama yake.

Alikwenda kwa Mageni kwa miguu, akamsalimia barabarani mbele za watu, faini na iwe faini. Mageni alikuwa anapalilia. Aliusimamisha mpini wa jembe, akamsikiliza.

"Nilijua, bosi," akasema.

"Sasa mbona mkutanoni hukusema?"

"Ningekuwa nimemtaja."

Nuruddin alikosa pa kuyaweka macho. "Nitatoa ng'ombe mimi. Hata wawili. Kesho asubuhi."

"Ng'ombe hatoki bila mtu kukiri. Na mimi sikuiba." Mageni hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Nuruddin zaidi. "Nikikiri, Baba Samia, watanisalimia tena, kweli. Lakini nitakuwa nimejiita mwizi kwa mdomo wangu. Binti yangu akiposwa, watasema ni yule wa Mageni mwizi. Mwanangu akipata kazi, watasema mchungeni huyo. Afadhali nikae hivi bila salamu. Jina langu bado ninalo."

"Nitakwenda kuwaeleza."

"Angalia usimtaje mayu."

"Sitamtaja mimi. Atasema mwenyewe. Anakumbuka kila kitu, Mageni, hata gunia lilipokuwa! Akieleza alivyoficha, watacheka, mambo yataisha."

Mageni alitikisa kichwa, akarudi kwenye magugu yake. Nyumbani Raudha naye alipinga. "Mama leo yupo, kesho hayupo. Huwezi kumsimamisha mbele ya watu." Lakini Nuruddin alikuwa amekwisha kujiona ameuondoa mzigo, na mtu akishajiona hivyo huwezi kumrudishia begani. Asubuhi ya mkutano alimuuliza mama kuhusu waya, na mama akaeleza yote, kuanzia wezi wa ng'ombe mpaka sindano. Akamuuliza tena wakati wa kuvaa. Akaeleza tena, hata akaongeza kwamba gunia lilikuwa na kiraka. Akamuuliza ndani ya bajaji, na Bi Tabu akasema, "Nuru, mbona unauliza jambo moja kama umesahau?" Nuruddin akacheka kwa furaha.

Uwanja wa mizani ulikuwa umejaa. Bi Tabu alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, kanga yake mpya imemkaa vizuri, watu wakampa shikamoo kutoka kila upande na yeye akaitikia marahaba zote. Mageni alisimama peke yake pembeni kabisa, Zipora nyuma yake.

Nuruddin akasimama. Alisema amekosea. Alisema waya haukuibwa, ulifichwa, kwa nia njema, kwa sababu ya kelele zake yeye mwenyewe. Alisema mlinzi wake ni mtu safi. Yote hayo aliyasema vizuri, na kama angeishia hapo pengine kijiji kingekaa kikatafakari. Lakini Mzee Luhende akauliza, kama ilivyompasa, "Ulifichwa na nani?" na Nuruddin, macho kwa mama yake, akajibu, "Mama atawaeleza mwenyewe."

"Shikamoo Bi Tabu," Luhende akasema kwa heshima, akainama kidogo. "Tuambie habari ya waya."

Bi Tabu alimtazama. Akautazama uwanja, watu wote wale wamemkazia macho, na mikono yake ikaanza kukunja na kukunjua pindo la kanga.

"Waya gani?" akauliza.

"Mama, ule wa gari," Nuruddin akasema. "Wa rangi ya chungwa."

"Mimi sina gari."

"Ulioweka kwenye mpunga, Mama. Ulivyoniambia asubuhi. Ukashona kwa sindano."

"Nuru, hawa watu wanataka nini?" Sauti yake ilikuwa imeshakuwa nyembamba. "Nimechukua kitu cha mtu mimi? Mwambie baba yako aje."

Kisha kutoka nyuma mtu akasema kwa sauti, "Tajiri anamtoa mama yake kafara kwa ajili ya mlinzi!" Wengine wakacheka, wengine wakazomea. Nuruddin alipiga magoti mbele ya kiti. Alimshika mama mikono, akamsihi akumbuke, kiraka, sindano, vidole vilivyouma, na kila alivyozidi kusihi ndivyo mama alivyozidi kuogopa, mpaka machozi yakaanza kumtiririka naye hajui anachokililia.

Mzee Luhende aliinua mkono. Hakuwa mtu mkatili, na alisema kwa shida. "Nuruddin, umekuja mara mbili. Mara ya kwanza ukamtaja Mageni. Leo umemtaja Bi Tabu."

"Sikumtaja! Nimesema ataeleza!"

"Nimekuuliza aliyeuficha, ukamwonyesha yeye. Watu wote wamesikia. Waya hauko mpungani, hauko ghalani, hauko popote. Sasa jina lake liko hapa, na linataka kumalizwa. Waya uonekane, au akiri. Kama si hivyo…"

Hakumalizia. Hakuna aliyetaka amalizie.

"Nitengeni mimi!" Nuruddin akapiga kelele. "Kosa ni langu! Mimi ndiye niliyekuwa napayuka waya, waya!"

"Wewe hakuna aliyekutaja."

Hapo Mageni akaanza kutembea. Alitoka pembeni kule, akaupita uwanja, watu wakimpisha kama walivyozoea kumpisha. Alifika kwenye kiti, akamshika Bi Tabu mkono, akamsimamisha kwa upole na kumtoa katikati, asijikwae kwenye mawe ya mizani. Ndipo akageuka.

"Mwacheni mama," akasema. "Waya nilichukua mimi. Nimeuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nitatoa ng'ombe."

Zipora aliivuta kanga yake akafunika uso.

"Mwongo!" Nuruddin akainuka. "Anadanganya! Hakuchukua! Mzee Luhende, nakuapia kwa Mwenyezi Mungu, mtu huyu hakuchukua!"

"Sasa wewe tukueleweje?" mtu mmoja akamuuliza, naye aliuliza kweli, si kwa kejeli. "Uliposema ameiba alikataa. Amekubali, unakataa wewe. Kaa chini bwana."

Watu wakacheka, kicheko cha kupumua, maana wote walikuwa wameogopa. Shauri likawa limekwisha. Na kama ilivyo desturi, kijiji kikajipanga mstari kumpa Mageni mkono, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia "Mwangaluka" ingawa ilikuwa alasiri, kumlipa asubuhi zake zote alizonyimwa. Mageni aliitikia kila mmoja. Wengine walimpigapiga begani, wakamwambia asirudie tena.

Nuruddin alingoja mpaka mstari ukaisha. Akamfikia Mageni.

"Kwa nini, Mageni? Uliniambia mwenyewe. Jina lako. Watoto wako."

Mageni alikuwa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Mimi nimetengwa, Baba Samia, nimeyaonja. Ni magumu, lakini mimi nilikuwa najua kwa nini. Mayu angetoka kila asubuhi, anasalimia watu, hakuna anayeitika. Angeuliza kwa nini, ungemweleza, angelia. Kesho yake amesahau, anatoka tena anasalimia. Mimi nililia mara moja tu. Yeye angekuwa analia upya kila siku."

Nuruddin alitaka kumshika mkono. Mageni alikuwa ameshageuka, anamfuata Zipora, ambaye alikuwa ametangulia mbali na hakumngoja. Nuruddin alisimama pale na vitu vyake vyote, ghala, gari, waya mpya uliokuwa njiani kutoka Dar es Salaam, na hapakuwa na hata kimoja ambacho angeweza kumpa mtu yule kikamfaa. Kumtetea ndiko kulikomfikisha pale.

Akampandisha mama yake kwenye bajaji. Bi Tabu alikuwa ametulia, machozi yamekauka, anatazama mashamba ya pamba yakipita na kutaja ya nani ni ya nani, nusu yake wenyewe wamekwisha kufa. Walipokaribia nyumbani alimgusa mwanawe goti.

"Yule kijana aliyekiri ni wa nani?"

"Yupi, Mama?"

"Yule mwembamba. Mwizi mwenye adabu namna ile sijapata kumwona. Umeona alivyonishika mkono nisianguke?"

"Nimeona."

"Masikini. Lakini mwizi ni mwizi, Nuru. Usije ukamweka getini kwetu."

Nuruddin alifungua mdomo amwambie. Akamtazama usoni, uso ule mwepesi, msafi, ulioridhika, akajua kwamba akimwambia atalia, na kesho itabidi amwambie tena.

"Sawa, Mama," akasema.